Ukunjaji wa Karatasi: Namna ya Kuchagua Maumbo Yasiyofumuka

UTANGULIZI

Miongoni mwa kazi za mikono zinazoweza kufundishwa katika shule ya msingi bila gharama kubwa, ukunjaji wa karatasi una nafasi yake. Kazi hii haihitaji gundi wala rangi. Yahitaji karatasi, mahali palipo sawa pa kukunjia, na vidole kumi. Wajapani, ambao wameikuza sana sanaa hii, huiita origami, maana yake kukunja karatasi. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliuweka ukunjaji miongoni mwa shughuli za kuwaelimisha watoto kwa mikono yao. Mwaka 1893 Mhindi T. Sundara Row alichapisha mjini Madras kitabu kizima cha kufundishia jiometri kwa kukunja karatasi. Basi mwalimu anayeingia darasani na karatasi mkononi asidhani kwamba anapoteza wakati wa watoto.

Hata hivyo, aghalabu mwanachuo hufunzwa namna ya kukunja, asifunzwe namna ya kuchagua cha kukunja. Katika makala haya twataka kulijaza pengo hilo. Tutaeleza kwa nini baadhi ya maumbo hufumuka, maswali gani mwalimu ajiulize kabla ya somo, na karatasi ipi ifaayo katika hali ya hewa ya pwani. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha.

KOSA TULILOFANYA

Katika msimu mmoja wa masika tulifundisha Darasa la Nne katika eneo la Tongoni, yapata kilomita 17 kusini ya mji wa Tanga. Tulichagua ndege apigaye mabawa anapovutwa mkia. Tulimchagua kwa sababu moja tu: alikuwa mzuri. Tulikuwa tumemkunja sisi wenyewe chumbani, kwa karatasi mpya, tukapendezwa naye. Watoto walifuata hatua zote kwa bidii, na mwisho wa kipindi kulikuwa na kundi la ndege juu ya madawati.

Asubuhi ya pili tuliwakuta ndege hao katika hali ya kusikitisha. Hewa ya usiku ilikuwa imeilowesha karatasi ya daftari. Mabawa yalikuwa yameanguka, shingo zimelegea, na wengi walikuwa wamejifungua wakarudi kuwa karatasi iliyokunjamana. Wengine walikuwa sakafuni, wamepeperushwa na upepo. Nasi, badala ya kujiuliza, tukatoa alama: waliosimama tukawapa nyingi, walioanguka tukawapa chache.

Mtoto mmoja aliyeketi karibu na dirisha alimtazama ndege wake, kisha akatuambia, “Mwalimu, mikono yangu mizito.” Ndege wake alikuwa amekunjwa vizuri kuliko wengi. Aliharibika kwa sababu alikuwa amekaa usiku kucha penye upepo wenye unyevu. Mtoto alikuwa amejihukumu kwa kosa lisilo lake, na sisi tulikuwa tumeitia muhuri hukumu hiyo kwa wino mwekundu.

Siku hiyo jioni tulipita kwa bibi mmoja wa kijijini ambaye husuka ukili na kushona mikeka. Tulimwonyesha ndege mmoja tuliyemwokota. Alimgeuza mara mbili tatu, akasema, “Wanangu, huyu hakushikwa na kitu. Ukili haufumuki kwa kuwa kila jani limelaliwa na jenzake. Huyu mmemlaza tu, hamkumfunga.” Maneno hayo ndiyo msingi wa yote yafuatayo.

KWA NINI UMBO HUFUMUKA

Zipo sababu nne kubwa, na mwalimu hana budi kuzielewa moja moja.

Ya kwanza ni ukaidi wa karatasi yenyewe. Karatasi imefanywa kwa nyuzi nyembamba mno zilizoshikamana. Watoto wa Tanga wataelewa upesi tukiwakumbusha singa za mkonge: uzi ukipindwa kidogo hurudi ulivyokuwa, ukipindwa kwa nguvu huvunjika ukabaki na alama. Mkunjo uliobonyezwa kwa ukucha hudumu kwa kuwa nyuzi zake zimevunjwa mstari mmoja. Mkunjo uliogusiwa tu hurudi nyuma.

Ya pili ni wingi wa matabaka. Karatasi ikikunjwa nusu mara moja hupata matabaka 2. Mara mbili, 4. Mara tatu, 8. Mara nne, 16. Mara tano, 32. Tabaka la nje lazima lizunguke matabaka yote ya ndani, kwa hiyo halikunjiki barabara. Umbo lenye matabaka mengi mahali pamoja hujisukuma lenyewe lifunguke, hata kama mkunjaji ni hodari.

Ya tatu ni unyevu. Karatasi hunywa maji kutoka hewani. Ikinywa, nyuzi huvimba na kulegea, na mikunjo hupoteza ukali wake. Katika pwani yetu jambo hili halikwepeki, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba.

Ya nne ni uzito usiokaa mahali pake. Umbo lenye kichwa kirefu na kitako chembamba huanguka hata kama mikunjo yake ni mizuri. Watoto wa Tongoni wana mfano wa jambo hili karibu nao. Katika magofu ya msikiti na makaburi ya kale, ambayo wataalamu huyahesabu kuwa ya karne ya 14 na ya 15, yapo makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu juu yake. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Kuta nyingi fupi na pana zingali zimesimama. Jengo la mawe na umbo la karatasi havilingani, lakini kanuni ya kitako kipana ni moja.

MASWALI MATANO KABLA YA KUCHAGUA

Mwalimu akishakunja umbo analokusudia kulifundisha, na ajiulize maswali haya:

1. Je, umbo lina kishikizo? Kishikizo ni mahali ambapo ncha ya karatasi huingia ndani ya mfuko uliofanywa na mkunjo mwingine, ikazuiwa isitoke. Muuza karanga wa barabarani anajua jambo hili. Huviringisha kipande cha karatasi kikawa mfano wa pembe, kisha huisokota au kuikunja ncha ya chini, na karanga hazimwagiki. Angeacha ncha hiyo bila kuikunja, angeuza hasara.

2. Je, matabaka ni mangapi mahali palipo panene zaidi? Kwa watoto wa madarasa ya chini na karatasi ya kawaida, sisi hupendelea yasizidi manane.

3. Je, kitako ni kipana kuliko kimo, au angalau vinakaribiana?

4. Je, kuta za umbo zina migongo? Karatasi bapa ikilazwa juu ya vitabu viwili vilivyoachana hupinda kwa uzito wa penseli moja. Karatasi hiyo hiyo ikikunjwa mikunjo ya juu na chini kama bati la paa, huibeba penseli, na pengine zaidi. Umbo lenye migongo ya namna hiyo hujisimamisha.

5. Je, kosa dogo la mtoto litaharibu umbo zima? Yapo maumbo ambayo mkunjo wa kwanza ukipotoka kidogo, wa kumi hauwezekani. Yapo mengine ambayo husamehe. Kwa mtoto anayeanza, chagua yanayosamehe.

Umbo likikosa jibu zuri kwa swali la kwanza, aghalabu halifai kwa kazi ya kuhifadhiwa, japokuwa ni zuri namna gani. Likikosa jibu zuri kwa swali moja tu kati ya hayo mengine, laweza kufaa kwa karatasi bora zaidi.

Baada ya maswali huja majaribio. Umbo aliloliandaa mwalimu liachwe dirishani usiku mmoja. Asubuhi alinyanyue kwa pembe moja, alipulize, kisha aliangushe kutoka kimo cha dawati. Likibaki na sura yake, na lifundishwe. Lisipobaki, mwalimu amegundua jambo hilo peke yake, kabla ya watoto arobaini kuligundua kwa huzuni.

KARATASI IFAAYO

Karatasi ya daftari hupatikana kwa urahisi, lakini ni nyepesi na hulegea upesi. Ifae kwa mazoezi na kwa maumbo madogo yenye vishikizo.

Karatasi nyeupe ya mashine ya kunakili, ambayo kwa kawaida ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, ni nzuri kwa kazi nyingi. Ukubwa wake wa A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukikata mraba wa milimita 210, utabakiwa na kipande cha milimita 87 kwa 210, nacho kisitupwe. Chafaa kwa kipande kimoja cha jaribio tutakalolitaja punde.

Gazeti ni laini na hunywa unyevu kuliko nyingine. Litumike kwa vitu vikubwa kama kofia, ambapo upana wa karatasi hufidia udhaifu wake.

Karatasi ya kaki, ile ya bahasha na mifuko ya dukani, ina nyuzi imara na hushika mkunjo vizuri. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya karatasi imeonekana zaidi madukani, na watoto wanaweza kuikusanya. Mfuko wa saruji nao una karatasi ya namna hiyo, lakini vumbi la saruji hudhuru macho na ngozi. Mwalimu mwenyewe aukung'ute nje, achukue tabaka lisiloguswa na saruji, alifute kwa kitambaa, ndipo alilete darasani.

Manila na kalenda za mwaka uliopita ni nzito. Hufaa kwa visanduku vyenye mikunjo michache, wala hazifai kwa wanyama na ndege.

Jambo jingine la kuangalia ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi nyingi zilizolala upande mmoja. Kata vipande viwili vya sentimita 2 kwa 15, kimoja kwa urefu wa karatasi na kingine kwa upana wake. Vishike vyote kwa ncha moja, sambamba. Kimoja kitainama zaidi. Kile kinachobaki kimenyooka ndicho ambacho nyuzi zake zimelala kwa urefu. Basi ukikunja kisanduku, kuta ndefu zisimame zikiwa na nyuzi zielekeazo juu inapowezekana. Na mkunjo unaotakiwa uwe mkali sana ufuate upande wa nyuzi, kwa kuwa huko karatasi hukunjika kwa wepesi na bila kupasuka.

Lipo pia jambo la maji, ambalo mtu aweza kulidhani kuwa adui tu. Mjapani Akira Yoshizawa, aliyeishi kati ya mwaka 1911 na 2005, alikuza njia ya kukunja karatasi nene iliyoloweshwa kidogo, ili ikikauka ibaki na umbo lake. Wasukaji wetu wa ukili hawangeshangaa kusikia habari hiyo, maana nao huyanyunyizia maji majani makavu ili yalainike na yasivunjike. Unyevu unaokuja kabla ya kukunja na kufuatwa na jua husaidia. Unaokuja baadaye huharibu. Njia hii tungewaachia wanafunzi wa madarasa ya juu, nao watumie karatasi nene.

MAUMBO TUNAYOYAPENDEKEZA

Kikombe. Hili ndilo umbo la kwanza tunalolipendekeza, kwani lina mikunjo michache na kishikizo cha kweli. Chukua mraba, uukunje kwa ulalo upate pembetatu. Uweke ukingo mrefu chini na ncha iliyo wazi juu. Chukua pembe ya chini ya kushoto uipeleke hadi ukingo wa kulia, mahali ambapo ukingo wa juu wa kipande kilichokunjwa utakuwa sambamba na kitako. Kisha ichukue pembe ya kulia uipeleke kushoto, hadi pale mkunjo wa kwanza unapoanzia juu. Sasa ncha ya juu ina matabaka mawili. Tabaka la mbele lishushwe na kuingizwa ndani ya mfuko wa kipande kilicho mbele; la nyuma likunjwe upande wa nyuma. Kifungue kinywa cha kikombe. Mwalimu wa hisabati aweza kuuliza hapo hapo: pembe za chini za pembetatu ile zilikuwa za nyuzi ngapi, na kwa nini?

Kofia ya gazeti. Hukunjwa kwa mstatili, na kingo zake zinapopinduliwa juu pande zote mbili huzuia kila kitu kilichokunjwa ndani. Husamehe makosa.

Kisanduku cha mraba. Pembe nne hukunjwa hadi katikati, kisha pande huinuliwa zikawa kuta, na ncha za mwisho hurudi kulala juu ya sakafu ya kisanduku. Kuta zake zina tabaka zaidi ya moja, na kitako ni kipana. Hufaa kwa kuwekea chaki na mbegu za kuhesabia.

Mchemraba wa vipande sita. Hukunjwa kwa vipande vijulikanavyo kwa jina la Mjapani Mitsunobu Sonobe. Kila kipande kina ndimi mbili na mifuko miwili. Ulimi wa kimoja huingia katika mfuko wa kingine. Vipande sita hufanya mchemraba bila tone la gundi. Wanafunzi sita wakikaa pamoja, kila mmoja hukunja kimoja, na mchemraba hausimami mpaka wote sita wamemaliza. Hatujui njia rahisi zaidi ya kuwaonyesha watoto thamani ya mwenzao aliye mzito.

Ndege apigaye mabawa na korongo wa Kijapani wasifukuzwe darasani. Na waje baadaye, wakati wa kiangazi, kwa karatasi imara, na kwa wanafunzi waliokwisha kuizoea mikono yao.

ANDALIO FUPI LA SOMO

Darasa: la Nne. Muda: dakika 40. Umbo: kikombe.

Dakika 5: Mwalimu aonyeshe kipande cha ukili na karatasi ya karanga. Aulize: kwa nini hivi havifumuki? Awaachie watoto wajibu kwa maneno yao.

Dakika 5: Jaribio la vipande viwili vya karatasi na mwelekeo wa nyuzi.

Dakika 20: Kukunja. Mwalimu atumie karatasi kubwa ili walio nyuma waone. Asiendelee na hatua ya pili mpaka ameona mikono yote imemaliza ya kwanza. Kila mkunjo ubonyezwe kwa ukucha.

Dakika 5: Kupuliza na kuangusha. Watoto wavipime vikombe vyao wenyewe.

Dakika 5: Mazungumzo. Kilichofumuka kimefumuka wapi, na kwa nini? Neno “vibaya” lisitumike. Litumike neno “hakikushikwa hapa”.

Alama, kama zinatakiwa, zitolewe kwa uangalifu wa mikunjo, nazo zitolewe siku hiyo hiyo. Kazi iliyolala usiku mzima katika hewa ya pwani isipimwe asubuhi kana kwamba mkono wa mtoto ndio uliofanya yote.

KAZI KWA WANACHUO

1. Kunja kikombe kwa karatasi ya aina nne tofauti. Viache dirishani siku tatu, uandike kila siku mabadiliko unayoyaona.

2. Chagua umbo moja unalolijua tangu utotoni, kama vile mashua ya karatasi au kititia. Lipime kwa maswali matano. Likishindwa, pendekeza badiliko moja litakalolipa kishikizo.

3. Mtembelee msusi wa ukili, wa makuti au wa vikapu mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha. Mwamkie, mwombe akuonyeshe anavyomalizia ncha. Andika hatua zake kwa maneno ambayo mwanafunzi wa Darasa la Tatu ataelewa.

HITIMISHO

Juma lililofuata tulirudi katika darasa lile. Kabla ya yote tuliwaambia watoto kwamba tulikosea kuchagua, na kwamba alama zile tumezifuta. Walishangaa kidogo, kwa kuwa hawakuzoea kusikia mwalimu akisema hivyo. Kisha tukakunja vikombe kwa karatasi ya kaki, na mvua ilikuwa ikinyesha.

Siku ya nne yule mtoto wa dirishani alituletea kikombe chake tukione. Kilikuwa kimechafuka, na ukingo wake mmoja umelainika, lakini kishikizo kilikuwa bado kimeshika. Ndani yake mlikuwa na komwe za kuchezea bao. Hakutuambia lolote juu ya mikono yake, nasi hatukumwuliza. Alitaka kujua kama karatasi ya kaki imebaki, kwa sababu mdogo wake naye alitaka kikombe.

Mwanachuo na akumbuke basi kwamba mtoto hawezi kuutenganisha upesi udhaifu wa kazi na udhaifu wake mwenyewe. Ni juu ya mwalimu kuutenganisha kwa ajili yake, na wakati wa kufanya hivyo ni jioni ya kuliandaa somo, umbo likiwa mbele yake mezani na karatasi ikiwa bado haijakatwa.